Msiwasifie Watoto Wapole

Mwalimu wenu amepanda mpaka kwangu, amekunywa chai, amekula ndizi zangu, halafu akanitaka niwaandikie neno kabla hamjaanza kazi kwenye vituo vya watoto huko Bomang'ombe na Moshi mjini. Nikamwambia, mwalimu, mimi nimeishia darasa la nne. Akasema, hao wameishia kidato cha nne, Bibi, na hawajui mtoto mchanga anashikwa wapi shingo. Basi naandika. Mkikuta herufi zimelala, ni mikono hii. Imebeba watoto wa watu miaka ishirini na sita, sasa hata kalamu inaiona nzito.

Mimi ni Mama Aikande. Aikande ni mwanangu wa kwanza, mtamsikia sana humu. Nimezaliwa Marangu, nimeolewa Marangu, na sasa nimerudi Marangu na ng'ombe mmoja na migomba yangu. Hapo katikati nilikuwa chini, upande wa Kwa Sadala, kwenye shamba kubwa la kahawa. Limebadilisha wenyewe sijui mara ngapi, na leo limejaa parachichi. Wanawake waliokuja kuchuma na kupalilia waliacha watoto wao kwenye banda lililokuwa la kuwekea magunia. Sakafu ya saruji, bati juu, magunia matupu chini ndiyo mikeka. Msimu wa kuchuma watoto walifika thelathini. Walezi tulikuwa wawili, mimi na Mama Mbwambo.

Mama Mbwambo alikuwa Mpare wa Same, mrefu, mkavu, ananusa ugoro na kupiga chafya mpaka watoto wanacheka. Hakuwa na cheti chochote. Mnachofundishwa ninyi kwenye yale makaratasi yenye picha za rangi, yeye alikuwa nacho kwenye vidole.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kuonekana hodari. Mama mmoja alikuwa hawezi kuondoka kwa sababu mtoto amemng'ang'ania kanga. Nikamwonyesha mtoto kifuniko cha sufuria, nikakigonga ngo ngo ngo, mtoto akageuka, nikamwambia yule mama, "Kimbia sasa hivi, hajakuona." Akakimbia. Mimi nikasimama nangoja kusifiwa.

"Umefanya nini?" Mama Mbwambo akaniuliza.

"Nimemsaidia aondoke."

"Umemfundisha mtoto kwamba akigeuza shingo, mama yake anayeyuka. Leo hatageuza tena. Mpe hicho kifuniko uone."

Nilimpa. Hakukitaka. Siku nzima alikaa anautazama mlango, na jioni mama yake aliporudi, mtoto akampiga kofi la uso.

Kwa hiyo hilo la kwanza. Mama aage. Hata mtoto akilia, hata akijitupa chini, mama aage, aonekane anakwenda, jioni aonekane anarudi. Na aache kanga yake aliyoivaa, asiilete imefuliwa. Mtoto akizidiwa mpe ile kanga aikumbatie. Mtanicheka, lakini kanga yenye jasho la mama imeniokoa mara nyingi kuliko uji. Nasikia ninyi sasa mnawapa simu waangalie katuni. Simu inamnyamazisha mtoto, sikatai. Lakini nani kawaambia kazi yenu ni kumnyamazisha?

Hapo ndipo ninapotaka kufika, ngoja niende polepole.

Lile banda lilikuwa na makabila kama soko. Sisi Wachagga tunajivuna kwa mambo ya uzazi, na tuna haki. Mwanamke wetu akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, hateki maji, analetewa mtori wa ndizi na nyama, analetewa kisusio, ile supu ya damu, analetewa maziwa, mpaka anatoka mashavu yameziba macho. Akija kwetu bandani, mtoto wake ni kama gunia la ulezi, unambeba mpaka kiuno kinapiga kelele. Halafu kulikuwa na mama wa Kimaasai ambaye mwanawe alikuwa na inzi usoni, tukamnong'ona sana. Lakini katoto kale kalikuwa hakajawahi kuwekwa chini tangu kazaliwe. Tulipokaweka chini kalilia siku tatu, sauti ikawa kama ya jogoo anayejifunza. Niliomba Mungu anipe uziwi. Mama Mbwambo alikuwa anacheka tu. "Huyu hana shida," akasema. "Huyu anajua akiita kuna mtu anakuja. Ndiyo maana anatukana."

Na meneja wa wakati huo, mzungu, alikuwa na mke aliyejifungua huku. Mtoto wao alilala chumba chake peke yake, na akilia mama alitazama saa kwanza. Siku moja alikuja bandani macho mekundu, mtoto mkononi, akatuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika tunafanyaje wetu wanalala. Mama Mbwambo alichukua kanga. Alimgeuza yule mama kama anayepima nguo, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akamsukuma nje, "Tembea." Alizunguka banda mara nne, mtoto akalala, na mama naye karibu alale akiwa amesimama. Alikuwa hana mama yake hapa, hana dada, hana mtu. Alikuwa na nyumba kubwa na saa. Nilimcheka siku ile. Sasa simcheki.

Nawaambia haya ili msije mkasema kabila fulani linajua kulea na fulani halijui. Kila mtu ana lake la kujivunia na lake la kuficha. Kinachomharibu mtoto ni shida kuingia mlangoni na mtu wa kuibeba ni mmoja tu. Hapo kabila haliulizwi.

Sasa Hadija.

Mama yake aliitwa Zaina, kibarua kutoka Singida. Mume alikuja naye msimu mmoja, msimu wa pili hakuonekana. Alijifungua kwenye nyumba za vibarua, jirani mmoja kamshika mkono, na wiki ya pili alikuwa kwenye mistari ya kahawa na kikapu kiunoni. Nani wa kumletea mtori? Hadija alipofika kwetu alikuwa na mwaka na miezi kidogo. Alikaa pale alipowekwa. Ukimpa kikombe anakunywa, usipompa hadai. Akilowa hasemi. Watoto wenzake wanagombania kibuyu, yeye anatazama kama mtu aliyekaa msibani.

Nilimpenda kupita wote! Watoto ishirini na nane wanapiga kelele, na mmoja amekaa kama picha. Mama Mbwambo alikuwa amekwenda kwao kumzika kaka yake, na msiba wa Upareni hauishi upesi, akakaa karibu miezi miwili. Nilikuwa peke yangu na msichana mmoja wa kuazima. Mama wengine walipokuja jioni niliwaambia, "Tazameni mtoto wa mwenzenu alivyo na adabu. Ninyi mnazaa redio." Zaina alitabasamu. Alikuwa hana cha kujivunia kingine, maskini, akajivunia hicho. Wakubwa wa shamba walipoleta wageni kukagua, nilimweka Hadija mbele kabisa.

Mama Mbwambo akarudi. Aliweka kikapu chake, akasalimia, akatazama banda zima mara moja, akasimama.

"Huyu wa kwenye gunia la pembeni ana muda gani hivyo?"

"Hivyo vipi? Huyo ndiye mtoto wangu mpole."

Alichukua kifuniko cha sufuria, kilekile cha siku yangu ya kwanza, akaenda nyuma ya watoto akakiangusha kwenye saruji. Watoto wote waliruka, nusu yao wakaangua kilio. Hadija alipepesa macho mara moja. Hakugeuka.

"Kiziwi?" nikauliza.

"Si kiziwi, macho yamepepesa. Ameacha."

"Ameacha nini?"

"Ameacha kuita. Ameita mpaka akachoka, hakuna aliyekuja, akaacha. Na wewe ukamsifia." Akapiga chafya ya ugoro, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. "Mama Aikande, anayelia mwache amalizie, utamkuta hai. Ukisikia kimya, kimbia."

Tulimpeleka kliniki. Kwenye kadi yake ule mstari wa uzito ulikuwa umelala chini kama mtu mgonjwa, na mimi kila mwezi niliuona, nikauita mwili mdogo wa asili. Nesi alitupa maneno makali, tuliyastahili. Kisha Mama Mbwambo akachukua kanga ya Zaina, akanifunga Hadija mgongoni. "Utafanya kazi zote naye. Utapika naye, utafua naye, ukienda chooni unaenda naye. Na uongee. Sema chochote, mseme hata mumeo."

Nilikuwa na mengi ya kumsema mume wangu, kwa hiyo maneno hayakuniishia. Zaina tukamwombea aruhusiwe kuja saa nne na saa nane kumshika tu, dakika chache. Msimamizi alinung'unika, Mama Mbwambo akamnung'unikia zaidi. Wiki zikaenda. Mgongo wangu ukazoea uzito ule mdogo usiocheza, kama kubeba shuka lililolowa. Kisha asubuhi moja nilimteremsha niinue sufuria la uji, na nyuma yangu nikasikia sauti kama mlango mbovu. Nikageuka. Hadija amekunja uso, amenyoosha mikono, analia. Analia kwa sababu nimemweka chini! Mama Mbwambo alitupa mwiko akacheza, yule mzee, miguu mirefu kama korongo, "Ametutukana! Ametutukana!" Mimi nilikuwa nalia kuliko mtoto.

Msimu ulipokwisha Zaina alifunga mzigo, akarudi kwao Singida na Hadija mgongoni. Sikusikia habari zao tena. Sijui kama alikua, sijui kama alisoma. Watu wanapenda niwaambie alikuwa daktari. Sijui.

Mngeniuliza sasa, na mna haki: Mama Aikande, wakati wewe unambeba Hadija mgongoni, Aikande wako alikuwa mgongoni kwa nani?

Alikuwa Marangu, kwa mama mkwe. Baba yake alikuwa mpagazi wa watalii. Mlima ulimrudisha na goti lililovunjika, akahamia kilabu cha mbege, ndiyo maana mimi nilishuka kutafuta kazi. Na kwetu mtoto wa kwanza kukaa kwa bibi yake ni heshima. Bibi anapata mkono wa kumletea kijinga cha moto, mtoto anapata maziwa na hadithi. Nilimpeleka akiwa na mwaka na miezi miwili. Niliondoka akiwa amegeuzwa kutazama kuku. Hakuniona naondoka. Naandika hivi, mnaona wenyewe.

Mama Mbwambo aliniambia zaidi ya mara moja, "Mlete hapa mwanao. Wako ishirini na tisa, wa thelathini atakaa wapi? Atakaa hapohapo." Sikumleta. Nitawaambia kwa nini, na nina aibu. Nilisema mama mkwe atachukia, na kweli angechukia. Lakini kilichokuwa ndani kabisa ni hiki: mtoto wa kihamba, mwenye shamba la babu yake na makaburi ya babu zake, alale kwenye gunia pamoja na watoto wa vibarua wasio na kwao? Mimi ndiye niliyekuwa nawafuta kamasi watoto hao, nikala mshahara wao, na bado nilimwona wangu ni wa daraja jingine.

Jumapili moja, Hadija akiwa bado mgongoni kwangu siku za kazi, nilipanda Marangu baada ya ibada. Aikande alikuwa na miaka miwili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amenona, amepakwa mafuta, gauni safi. Nilinyoosha mikono. Alinitazama kama anavyotazamwa mwinjilisti mgeni. Hakuja, hakukimbia.

"Mtoto huyu ni dhahabu," mama mkwe akasema mbele ya wanawake wa jumuiya. "Hasumbui. Hata kulia hajui." Wanawake wakasema aika, aika, wakashukuru Mungu.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, msimseme. Alikuwa na wajukuu watano, ng'ombe wawili, shamba, na mumewe kitandani. Alimshibisha mwanangu. Tumbo lilijaa. Wa kumjibu ndiye hakuwepo, kwa sababu mikono ya kule ilikuwa na kazi na ya kwangu ilikuwa imembeba mtoto wa Zaina.

Nilikuwa nimeshajua, wasichana. Wengine walifanya bila kujua. Mimi nilikuwa na Hadija, nilikuwa na kifuniko cha sufuria, nilikuwa na Mama Mbwambo. Niliuona ule uso nikautambua. Nikanywa chai, nikaaga watu wazima, nikashuka.

Alikaa kule mpaka alipoanza darasa la kwanza. Nilipomchukua aliniamkia shikamoo kila asubuhi, akafagia, akasoma, hakuniletea shida hata moja. Watu walinipongeza. Wadogo zake niliowazaa baadaye niliwalea mwenyewe bandani, kwenye magunia, na walikuwa wakorofi wa kutisha. Walinivunjia vyungu. Wakiumia wanakuja kwangu wanakimbia. Yeye akiumia alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba.

Desemba hii iliyopita, kama wote wanavyorudi, Aikande alipanda kutoka Dar. Anafanya kazi kwenye duka la dawa. Mtoto alimpata kwa kuchelewa, ana miaka miwili na nusu, anaitwa Briana. Jina hilo kalitoa wapi sijui, mimi namwita Bri kama ninayefukuza kuku. Mume amekwenda zake. Wasichana wa kazi watatu wamepita, wa mwisho kaondoka na pasi.

Aliweka begi la mtoto sebuleni na nguo za mwaka mzima ndani yake.

"Mama, nimekuletea mjukuu. Akae kwako mpaka aanze shule. Wewe ndiye fundi."

Majirani walifurahi. Mama Elia wa jirani, ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa kamba, akasema, "Mae! Umepata mkono wa kukuletea kijinga!" Nami nilifurahi, kwa nini niwafiche. Nyumba yangu ni tupu.

Ila nilimtuma Aikande dukani kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwepo. Nilitaka kumwona mtoto. Mama yake aliaga, akatoka. Briana hakuinua uso. Alikuwa anapanga vifuniko vya soda kwenye saruji, kimoja, kimoja. Mama aliporudi hakuinua uso pia. Kesho yake alijikwaa kwenye mawe ya zizi, goti likachubuka, damu. Akainuka, akatazama huku na huku kama mwizi, akavuta pindo la gauni akafunika lile goti.

Mimi nilikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe.

Mchana nikamwambia Aikande, "Simchukui."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Huwezi? Unaumwa?"

"Siumwi. Mtoto huyu ameanza kuacha kuita. Ukimwacha hapa ataacha kabisa."

"Watoto wa watu uliwachukua."

"Niliwachukua asubuhi, jioni nikawarudisha."

"Wa vibarua, wa Wamaasai, wa wazungu. Watu wanakutaja mpaka Bomang'ombe. Mama Aikande, Mama Aikande." Sasa aliweka kisu. Sauti yake haikupanda, kwake haipandi kamwe. "Mimi ndiye Aikande. Mimi ulinirudisha jioni ipi?"

Nilichukua kisu chake nikamalizia kumenya ndizi.

Asubuhi, jua limeshatoka, nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba nikakata sale. Kwa msio wa huku: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoweka mipakani. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lake umelifunga fundo, na yeye akishalipokea anakusamehe, hakataliwi mwenye sale. Mdogo humpelekea mkubwa. Mtoto humpelekea baba. Mama kumpelekea mwanawe sijawahi kuona, na Mama Elia aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe upande wa pili alisimama na panga hewani.

"Unampelekea nani hilo, shoga?"

"Kata majani yako."

Aikande alikuwa anaanika nguo. Nilimpa kwa mikono miwili. Magoti yangu hayapigiki tena, lakini niliinama kadiri yalivyoruhusu.

"Siku ile nilipokuja ukiwa kwenye kigoda," nikamwambia, "nilijua. Nikashuka."

Alilichukua lile jani kwa mkono mmoja. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kanga aliyoishika.

"Nimelipokea," akasema, "kwa sababu halikataliwi. Usidhani limemaliza."

"Sijadhani."

"Sasa nifanye nini na mtoto, Mama? Nile samahani?"

"Nitashuka mimi. Nije kwako. Wewe utoke asubuhi umuage, nikae naye, urudi jioni akuone unarudi."

"Chumba ni kimoja. Na wewe huliwezi joto la Dar."

"Nitavua sweta."

Alitaka kucheka, midomo ikaanza, ikaacha. Akaendelea kuanika.

Mchana ule nilikuwa jikoni nakoroga mtori. Kuku wangu alikuwa na vifaranga, na Briana alipeleka mkono. Kuku alimdonoa kidole, donoo la kweli. Mtoto alikivuta kidole, akakitazama, akakificha kwapani. Mama yake alikuwa hatua tatu. Nikaona mdomo wa Aikande unafunguka, na neno linalokuja nilikuwa nalijua, ni lile tunalowaambia sote: nyamaza, hamna kitu. Likafika kwenye meno. Akalimeza. Akapiga magoti matopeni na gauni lake la mjini, akakitoa kile kidole kwapani, akakishika.

"Kimeuma," akamwambia. "Kimeuma sana, eeh?"

Kuku anakaripia vifaranga vyake, mtori unachemka, na mimi mlangoni na mwiko. Nilikuwa naweza kumchukua. Mikono hii ingejua la kufanya. Nikaikaza mikono yangu kwenye mlango kama mtu anayezuia ng'ombe asitoke, kwa sababu kama kungekuwa na kilio pale, hakikuwa changu.

Kikaja. Kwanza kama mlango mbovu, halafu chote. Mama Elia alikuja mbio akidhani mtoto ameungua.

Jumatatu ninyi mnaanza kazi, mwalimu kaniambia. Na mimi pia, Dar, kwa Aikande. Ng'ombe nimempa Mama Elia amkamue mpaka nitakaporudi, kama nitarudi. Mtakuta kwenye vituo vyenu mtoto wa pembeni ambaye kila mtu anamsifia. Mwendeeni huyo kwanza, kabla hamjavua viatu.

Katika wale wawili waliokuwa matopeni siku ile, mmoja amelia. Wangu bado.